Ater Naye Anakusalimu

Kakuma, Kundi la 31
4 Februari 1997

Mwanangu Nyakong, binti Wol,

Salamu zikufikie hapo Lodwar, nawe uzipokee ukiwa umeketi, si umesimama mlangoni na funguo mkononi kama baba yako alivyokuwa akisoma barua zake. Sisi ni wazima. Upepo umeanza mapema mwaka huu na umeng'oa mabati mawili ya shule, kwa hiyo watoto wanasoma wamejifunga vitambaa puani. Mama yako mdogo Nyakim amepona kikohozi. Mbuzi wetu mmoja aliondoka na mifugo ya Mturkana wa ng'ambo ya mto, na mwenye mifugo akamrudisha mwenyewe jana. Alinisalimu kwa lugha yao, "Ejok, mzee. Huyu wako hajui kwao." Akacheka, akanywa maji, akaenda. Nakuandikia hili kwa sababu nasikia huko ofisini kwenu huandikwa kwamba sisi na wao hatuwezi kuketi pamoja.

Shemeji yangu Sellah, mama yako, ameniandikia kutoka Kitale kwamba mgongo unamsumbua. Ukimwandikia, mwambie bado naukumbuka uji wa nyumba yake, na mvua iliyokuwa ikipiga paa lile kila saa nane mchana bila kukosa.

Sasa neno lenyewe. Jumanne tarehe 28 Januari, saa nne kasorobo asubuhi, gari jeupe la Shirika lenu lilipita mbele ya nyumba yangu. Nyakim alikuwa amechemsha maharagwe tangu alfajiri na kuazima sukari kwa jirani, maana Mutua, yule mwenye duka na lori, alitwambia umo katika msafara. Nilisimama mlangoni. Gari lilipunguza mwendo kwa sababu ya korongo. Ulikuwa kiti cha nyuma, dirishani. Ulinitazama, mwanangu, kisha ukainama ukaandika kitu katika daftari.

Nyakim akasema, "Huyu mtoto yako hajatuona."

Nikamwambia, "Ametuona."

"Basi ametuona vibaya."

Maharagwe tuliwapa majirani.

Nimekimbia mara tatu katika maisha yangu. Mwaka 1965 nilitembea na kaka yangu, marehemu baba yako, mpaka Uganda, tukaishia Kitale. Yeye akaoa huko, mimi nikauza vitabu katika duka la kanisa, na vile visivyouzika nikavisoma. Mwaka 1973 nilirudi nyumbani kwa kuwa amani ilikuwa imetiwa sahihi. Yeye alibaki. Ndiyo maana wewe una kitambulisho cha Kenya, na ndiyo maana tunaandikiana Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe tumeikuta dukani. Mwaka 1987 nilikimbilia Ethiopia, na baada ya Ethiopia nikaja hapa. Katika njia zote hizo nimepitwa na magari mengi. Lako ndilo la kwanza kunipita likiwa na damu yangu ndani.

Nieleze kwa nini.

Wanaokusalimu ni hawa: mama yako mdogo Nyakim, bibi yako wa nyumba ya pili, aliyekuwa rafiki wa mama yetu, kaka yako Ruot, fundi wa baiskeli, mjukuu wa ami yangu. Na Ater, ambaye mguu wake sasa unaweza kukanyaga, naye anakusalimu.

Ni mimi, baba yako mdogo,
Atem


Lodwar
21 Februari 1997

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na unifikishie shikamoo kwa Mama Mdogo Nyakim. Nami ni mzima. Mama alikuja wiki iliyopita kumwona daktari wa mgongo, akakaa kwangu siku tatu. Joto la hapa lilimshinda. Alisema, "Nyakong, huku hata kuku wanagombania kivuli cha mwiko." Mwenye nyumba wangu alimwonea huruma akamletea feni, na Mama akailaumu feni kwamba inapuliza joto la jirani. Amerudi Kitale na dawa. Anakusalimu, na uji ameusikia.

Nilikuona, Baba Mdogo. Nilichoandika katika daftari ni saa: saa nne kasorobo. Tunaandika saa kila tunapopita kundi.

Najua Mama Mdogo alipika. Mutua aliniambia. Naomba unisikilize kabla hujakasirika zaidi.

Kazi yangu ni kuangalia kwamba kambi inabaki mahali pa raia. Chakula kisitoke kwenda kwa wenye bunduki, wala wenye bunduki wasije kujificha humo, wakatibiwa, wakapumzika, kisha wakaondoka na vijana wa watu. Ili ripoti zangu ziaminiwe na pande zote, siwezi kuwa na upande. Haturuhusiwi kuingia nyumba ya mtu bila mwenzetu, wala kupokea hata maji ya kunywa. Nikila maharagwe kwako, kesho watu wa makundi mengine watasema ripoti za Nyakong zinapikwa jikoni kwa Wadinka. Na wewe si mkazi tu. Wewe ni kiongozi wa kundi, na viongozi wa makundi ndio ninaowachunguza.

Kuna jambo jingine. Nilipoajiriwa nilijaza fomu. Swali la tisa liliuliza kama nina jamaa yeyote anayeishi kambini. Niliandika: Hapana. Nisingeandika hivyo nisingepata kazi, na wakati ule Mama hakuwa hata na dawa. Sasa ni miaka miwili. Kila nikipita kundi lako nalipita na ile Hapana.

Sasa nami nina swali. Huyo Ater ni nani? Watu wote umenitajia kwa undugu wao. Yeye peke yake umemtaja kwa mguu. Sikuulizi kwa udadisi. Kuna agizo jipya: kila mwanamume mgeni mwenye jeraha, aliye katika nyumba ya kiongozi wa kundi, tuandike jina lake. Anayeandikwa hapewi kadi ya chakula, na asiye na kadi hupakiwa garini mpaka Lokichoggio, ajiendee mpakani. Ripoti yangu inatoka tarehe 31 Machi.

Kama ni mtu wetu, niambie. Kama si wetu, pia niambie. Lakini nijibu kabla ya tarehe hiyo.

Mwanao,
Nyakong


Kakuma
16 Machi 1997

Mwanangu,

Salamu. Barua yako ilifika tarehe 9. Siku saba zilizopita tangu hapo ni za hasira yangu, na hizo nakiri ni kosa langu. Siku zitakazofuata ni za mto. Mvua imenyesha milimani upande wa Uganda, Tarach umefurika, nyumba nane za makuti zimekwenda na maji. Lori la Mutua liko ng'ambo ile na Mutua mwenyewe yuko ng'ambo hii, anakula kwa watu kwa zamu. Nimempa barua hii akaipima mkononi. "Mzee," akasema, "hii yako itaoga kabla ya kusomwa."

Bibi yako wa nyumba ya pili amefariki, tarehe 2. Tulimzika kabla ya mvua, na ardhi ilikuwa ngumu.

Umeniambia huna upande. Nyakim ni Mnuer na mimi ni Mdinka. Mwaka 1991 watu wake na watu wangu walichinjana, sisi tukaendelea kula sufuria moja, na watu wa pande zote mbili wakatuacha. Najua kutokuwa na upande kunavyokaa. Hakukai kiti cha nyuma cha gari.

Umeniuliza swali kama karani, nami nakujibu kama watu wanavyomjibu karani. Ater ni mgeni. Kwetu mgeni hupewa maji, akaonyeshwa mahali pa kulala, na habari zake huzitoa mwenyewe siku anayotaka. Siongezi neno katika karatasi inayopita mikono ya watu kabla ya kufika kwako.

Lakini nilichokiona kwa macho nitakueleza, maana hicho hakina siri. Tangu Januari watu watatu tunakula mgao wa watu wawili. Anayepima unga ni Ater, na kopo lake mwenyewe halijai hata siku moja. Nyakim humpigia kelele, "We! Unafikiri sioni?" Naye hujibu kwamba mtu wa mguu mmoja hula nusu. Uandikishaji ni Jumatatu tarehe 14 Aprili. Ili apate namba ya siku hiyo alikaa katika foleni siku mbili, juani, na mguu ule. Mtu wa vita hakai juani siku mbili ili jina lake liandikwe. Mtu wa vita hutaka jina lake lisiandikwe popote. Kama kazi yenu ni kumtambua raia, mimi nimekupa alama yake.

Ukitaka zaidi ya hapo, shuka garini.

Nyakim anasema nikuandikie maneno yake kama alivyoyatamka: "Aje atuulize. Mdomo yetu haijafungwa na fomu."

Wanaokusalimu ni wale wale. Leo siwataji mmoja mmoja, kwa kuwa nimeona unachunguza orodha kuliko unavyopokea salamu.

Atem


Lodwar
4 Aprili 1997

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Poleni sana kwa kifo cha bibi. Sikumjua, lakini nilikuwa nimeanza kumzoea katika barua.

Barua yako imenifikia tarehe 2 Aprili, ikiwa na alama za maji. Mutua alikaa upande wenu siku kumi na tano.

Mama anaendelea vizuri. Alinunua miwani ya kusomea sokoni Kitale, kwa kuwa ulimwambia ile yako imevunjika mkono na unaifunga kwa uzi. Imo ndani ya bahasha hii, nimeizungushia gazeti. Ijaribu kwa maandishi madogo.

Kuhusu mgeni wako siwezi kuandika chochote. Nakuomba pia usiniandikie tena majina ya watu. Unisalimie tu wewe na Mama Mdogo, inatosha.

Nyakong


Kakuma
20 Aprili 1997

Nyakong,

Miwani ilifika. Ni mizuri, inasoma hata maandishi madogo. Nitakueleza niliyasomea wapi.

Jumatatu tulifika mahali pa uandikishaji saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ater alikuwa amefua shati. Nyakim alimpaka mafuta kichwani, akamwambia, "Uende kama bwana harusi, usinitie aibu kwa karani." Ater akamjibu kwamba bwana harusi huenda na ng'ombe, yeye anakwenda na gunia tupu. Alilibeba kwelikweli, gunia lile, limekunjwa kwapani, kwa sababu alisikia kwamba wanaopata kadi asubuhi huweza kupewa unga jioni.

Zamu yetu ilifika saa sita. Karani alikuwa kijana wa Nairobi, mwenye adabu.

"Jina?"

"Ater."

"Ater nani?"

"Ater Mou."

Akaandika. Kisha akatoa karatasi nyingine chini ya ile ya kwanza, akashusha kidole, akasimama.

"Mzee, huyu wako yuko kwenye list ingine."

"Orodha gani?"

"Ile ya Lodwar. Hiyo si yangu kuisema."

Hakuificha. Alidhani mzee wa kambi hawezi kusoma Kiingereza, tena kilichopinduka. Miaka minane nilisimama nyuma ya kaunta ya vitabu nikisoma hati za watu kutoka upande wangu. Nilivaa miwani yako nikasoma. Iliandikwa hivi: mwanamume, mgeni, nyumba ya kiongozi wa Kundi la 31, jeraha la mguu, sasa anaweza kukanyaga.

Nilitambua sentensi yangu kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake katika zizi la mwizi. Wiki ile ya Februari watu waliojua mguu ule unaweza nini walikuwa wanne: mimi, Nyakim, mwenye mguu, na wewe.

Wakaja watu wawili na gari. Hawakumpiga. Mmoja hata alimshika mkono apande. Ater akaniuliza kwa lugha yetu, "Mjomba, ni nani huko Lodwar anayejua hali ya mguu wangu?" Nikamwambia sijui. Ni uongo wa kwanza niliopata kumwambia. Akanirushia lile gunia kutoka garini, akasema lisipotee, ni la Nyakim.

Umelisoma neno hilo aliloniitia, "Mjomba". Sasa soma na mengine, kwa kuwa barua hii haipiti kwa Mutua, Ruot ameibeba mpaka kwenye basi. Ater ni mwana wa Adut, dada yetu, mimi na baba yako. Adut hakukimbia nasi mwaka 1965 kwa sababu alikuwa mdogo, na mama yetu alikataa kubaki na nyumba tupu. Ater ni mtoto wake pekee. Kwa Kiswahili ni binamu yako. Kwetu neno hilo halipo. Ni kaka yako. Walimchukua na kumpa bunduki akiwa na miaka kumi na tano. Desemba aliiegemeza kwenye mti karibu na Kapoeta, ng'ambo ya mpaka, akaondoka. Waliompiga risasi ya mguu ni wenzake, kwa kuwa aliondoka. Alitembea siku kumi na moja. Hakutaka kitu duniani isipokuwa kadi ile, kwa sababu mwenye kadi ana mahali pake, na wanaomtafuta wangejua kwamba jina lake limeandikwa mbele ya mataifa.

Utauliza kwa nini sikuandika kaka yako. Humu kambini wapo masikio ya wale aliowakimbia, na barua za Mutua hufunguliwa. Kama wangesoma kwamba aliyetoroka ni mpwa wangu, wangemfuata mlangoni. Niliondoa neno la undugu ili nimfiche. Utauliza tena kwa nini basi nilimtaja. Nilimtaja kwa sababu alikuwa ameketi mbele yangu nikiandika, na kwetu huwezi kufunga barua ukamwacha aliye mbele yako nje ya salamu. Alidhani barua inakwenda Kitale kwa mama yako, akaniuliza, "Dada yangu umemwambia nipo?" Nikasema namwambia. "Mwambie mguu unakanyaga." Nikaandika mguu.

Na ulipouliza, ningeweza kukujibu. Ningeweza kumtuma Ruot kwa miguu mpaka lami, barua ikafika kwa basi lolote. Sikufanya hivyo. Nilikuwa bado na hasira ya sufuria moja ya maharagwe.

Bado yuko Lokichoggio. Ruot amemwona Ijumaa karibu na uwanja wa ndege, anabeba mizigo ya watu. Wale jamaa zake wa zamani hupita hapo kila wiki. Nenda kwa mkubwa wako leo, usingoje kesho. Mwambie ni kaka yako. Neno lile nililoliondoa mimi, lirudishe wewe. Jina litatoka katika orodha ile na yeye atarudi.

Nangoja.

Atem


Lodwar
2 Juni 1997

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijui kama nastahili kuandika neno hilo, lakini sijui neno jingine la kukuanzia.

Barua yako ilinifikia tarehe 24 Aprili. Nimeianza hii mara sita.

Tarehe 28, 29 na 30 Machi nilisimama katika duka la Mutua kila nilipotoka kazini nikiuliza habari za lori. Mke wake alichoka nami. "Sister, mto ukipungua utasikia honi," alisema. Tarehe 31 mkubwa wangu alitaka majina. Nilitoa barua yako ya Februari nikaisoma tena. Nikasema moyoni: wote amewapa undugu wao ila huyu. Baba Mdogo ni mtu wa kupima maneno. Angekuwa wetu angesema. Kwa hiyo si wetu. Niliandika. Nilipopata barua yako siku mbili baadaye, yenye maneno yale ya foleni na kopo la unga, nilijua nimekosea, na nikakutumia miwani.

Baada ya barua yako ya Aprili nilikwenda kwa mkubwa wangu. Anaitwa Pontien, ni Mrundi, na yeye mwenyewe alilelewa kambini Tanzania. Si mtu mbaya. Nilimwambia kwamba yule wa Kundi la 31 si mpiganaji, ni mtoro aliyepigwa risasi akitoroka, jina lake lifutwe. Alivua miwani akaniangalia.

"Linafutika," akasema. "Ni barua moja tu, naandika sasa hivi. Umejuaje?"

Nikaanza kuzipanga karatasi za mezani pake.

"Dada, mimi nitaulizwa. Nani amekuambia?"

"Watu."

"Watu gani? Ni jamaa yako?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Lifikirie tena swali langu." Alinipa nafasi, Baba Mdogo. Aliichukua kalamu, akaifungua, akangoja. Nikamwambia nilisikia sokoni. Akaifunga kalamu. "Sokoni haitoshi," akasema, "hata kama ni kweli."

Nilijieleza hivi: nikisema ndiyo, ripoti zangu zote za miaka miwili zinatupwa. Imo ile ya mwaka jana iliyowarudisha vijana kumi na saba waliokuwa wameshapakiwa kwenda mpakani. Watasema nayo ilipikwa jikoni kwa mjomba wa mtu. Nilijiambia kaka mmoja, na vijana kumi na saba. Ni hesabu nzuri. Niliirudia mpaka nikalala.

Lakini mbele ya Pontien sikufikiri vijana kumi na saba. Nilifikiri dawa ya Mama na chumba changu chenye feni. Niliogopa tu. Hesabu niliifanya baadaye.

Mwezi Mei nilikwenda Lokichoggio kwa basi, siku ya mapumziko, bila gari la Shirika. Niliuliza uwanja wa ndege. Mwanamke mmoja mwuza chai alisema, "Yule wa kuchechemea? Alikuwa anabeba mizigo hapa. Anacheka sana yule. Ameenda na watu wa lori." Nilimuuliza kama alikwenda kwa hiari yake. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nilimjibu ni dada yake. Ndiyo mara ya kwanza nimelisema, na nimelisema kwa mwuza chai.

Nijibu, Baba Mdogo. Hata kwa matusi.

Nyakong


Kakuma
17 Agosti 1997

Nyakong,

Sina matusi. Ningekuwa nayo ningejibu mapema.

Mvua haikurudi. Mgao umepunguzwa, na Nyakim sasa anapima unga mwenyewe, lakini kwa kopo lile lile, na huacha kulijaza kama alivyoacha Ater. Gunia nimelitundika ukutani. Mutua aliniuliza juzi, "Mzee, leo hakuna barua ya binti?" Nikamwambia sina binti Lodwar. Akacheka. Aliponiona sicheki akawanunulia watoto waliokuwa pale peremende, akaenda kwenye lori lake.

Ruot amepata habari kwa watu waliovuka mwezi uliopita. Walimwona Ater ng'ambo ya mpaka, amepewa bunduki na anachechemea nyuma ya wengine. Hawakumwua kwa kutoroka. Wana upungufu wa watu. Mmoja wao alimsemesha, naye akauliza habari moja tu, kama Nyakim alilipata gunia.

Kwa hiyo ripoti yako ni sahihi. Mwezi Machi uliandika kwamba katika nyumba yangu yumo mpiganaji, na mwezi Julai amekuwa mpiganaji. Imechelewa miezi minne tu. Unaweza kumwonyesha mkubwa wako.

Sikulaumu peke yako. Nimeisoma barua yako kwa miwani ile na nimeona kwamba hukujificha mahali popote ndani yake. Mimi nilikuwa na neno moja nikalizuia kwa hasira. Wewe ulikuwa nalo ukalizuia kwa woga. Adut hatajali tofauti yake. Bado yu hai, nasikia, kijiji kile kile. Sijui nani atamwandikia. Hajui kusoma, na sitaki asomewe na mtu wa nje.

Mwezi Julai tulihesabiwa upya, kambi nzima. Safari hii fomu ni ndefu, na kwa sababu najua kuandika walinipa nijaze mwenyewe. Swali la kumi na moja linauliza: Je, una jamaa yeyote anayeishi Kenya nje ya kambi? Karani alinieleza kwamba mwenye jamaa anaweza kuombewa kibali cha kutoka, akakae huko. Kitale, kwa mfano. Nilifikiri juu ya mvua ya saa nane mchana.

Kisha nikafikiri kwamba siku moja mtu ataziweka fomu mbili mezani, yako na yangu, na kuzilinganisha. Hiyo ndiyo kazi yenu. Yako inasema Hapana. Yangu ikisema Ndiyo, utapoteza kazi, na vijana kumi na saba watakuwa wamepikwa jikoni kwangu. Kwa hiyo nami niliandika: Hapana. Sasa zinakubaliana. Ukipita kundi letu usijisumbue kugeuza uso. Hakuna unayemjua.

Hii ni barua yangu ya mwisho, maana mtu hawezi kumwandikia jamaa asiyekuwa naye.

Anayekusalimu ni mmoja, mama yako mdogo Nyakim. Anasema maharagwe yapo, siku yoyote. Yeye hajui kusoma, na sikumwambia nilichojaza.

Atem